Kiplastiki cha Meno Kilichofukizwa Udi

Mpendwa Bi Siti, shikamoo. Naomba uniokoe kabla sijaolewa nikiwa nimefumba mdomo, maana mimi ni muuza vijora wa Kariakoo, upande wa Msimbazi, na kwa kawaida mdomo wangu haufungwi hata na mvua, lakini wiki hii kila mgeni anayeingia ananiuliza nimenuna nini.

Meno yangu ya mbele yalikuwa yameachana na ya pembeni yamepandana, nikavaa waya mpaka yakanyooka, na zilipotolewa daktari akanipa kiplastiki chembamba cha kuyashikilia, akasema nikivae mchana na usiku, nikivue wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Nikaitikia vizuri sana. Tatizo, kikiwa mdomoni natia kithembe, na mchumba wangu Zahoro, anayetoa mizigo ya watu bandarini, hupenda kunipigia simu, na mimi sikutaka mwanamume mzima asikie "nakuthubiri mpendhi", kwa hiyo nikawa nakivua, nakikunja kwenye tishu, nakitia mfukoni mwa dera.

Sasa nimewekwa ndani. Kwetu bibi harusi hatoki, anasingwa, anafukizwa, anakula na kulala, na anayenisimamia ni Shangazi Zamda, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Shangazi kwa udi humwambii kitu. Anafukiza nguo, mashuka, mapazia, na nadhani hata mimi angenitundika kama ningeenea. Juzi nikiwa bafuni alikusanya madera yangu yote akayatandaza juu ya tenga, chini yake chetezo kinawaka, na lile lenye kiplastiki likaning'inia karibu kabisa na makaa. Nilipokitoa kilikuwa kimejikunja kama korosho, na kinanukia ajabu.

Nimekitia kwenye maji ya moto kinyooke, kikazidi. Nimekilazimisha mdomoni, fizi ikatoka damu. Na Bi Siti, mwanya unarudi, kila asubuhi ulimi wangu unaugusa. Shoga yangu Zulekha, tunayepakana naye vibanda, amekuja kunitazama akasema nisijipe presha, akaniachia mpira mwembamba wa kufungia vifuko vya karanga, nifunge yale meno mawili ya mbele yatasogeleana yenyewe.

Shangazi hajui kitu. Aliponiona najitazama kwenye kioo akapiga kigelegele: "Mwanya huo, mwanangu! Urembo umejileta wenyewe!" Nikimwambia kwamba ni chetezo chake kilichoniharibia atalia mpaka siku ya nikaha, na nikimwambia nataka kutoka niende kwa daktari ataona nimedharau mila yake mbele za watu. Nifunge mpira, nitoroke kwa mlango wa uani, au ninyamaze tu, siku ya harusi nicheke kwa macho?

Bibi harusi aliyenuna, Kariakoo

BI SITI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Huo mpira utupe sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Mpira ule haukai pale unapoufunga. Unapanda taratibu, unaingia chini ya fizi usiuone, unaharibu mfupa unaoshika jino, na wapo waliopoteza meno mazima kwa mtindo huo. Zulekha ana moyo mzuri, lakini mpira ni wa karanga.

Umetupa? Haya.

Nimecheka, nisikudanganye, barua yako nimeisoma mara mbili. Na pole, najua unaogopa. Ila usiusingizie udi. Daktari alikupa kijiboksi cha kuhifadhia, na naapa hivi sasa kimejaa hereni. Kitu cha kuvaa mdomoni kinakaa mdomoni au kwenye kijiboksi chake, basi. Kwenye tishu kitatupwa na takataka, mfukoni kitafuliwa, na nyumbani kwenu, kumbe, kitafukizwa.

Wewe ulidhani waya zikitoka kazi imekwisha. Meno yaliyosogezwa hutaka kurudi yalikotoka, kwa sababu mfupa na fizi bado havijatulia, na cha kuyazuia ndicho hicho ulichokionea aibu. Mwanzoni ni muda wote, baadaye daktari mwenyewe ndiye atakayekwambia sasa vaa usiku tu, na huo usiku unaweza kuendelea kwa miaka. Kithembe hupungua ulimi ukizoea. Soma gazeti kwa sauti, hata ukurasa huu. Na Zahoro ajue mapema, maana ukishaolewa utalala na kiplastiki hicho ubavuni mwake, au ulipanga kuwa unamzimia taa kila siku?

Kiplastiki hakitaki moto wa aina yoyote: si makaa, si maji ya moto, si chai ya kuunguza ukiwa umekivaa. Kioshe kwa maji ya baridi na mswaki laini. Hicho kilichojikunja usikivae tena hata kidogo, kitayasukuma meno kusikotakiwa. Kipeleke kama kilivyo, na harufu yake, daktari achukue upya umbo la meno yako akutengenezee kingine. Ukiwahi, huenda mwanya ukaishia hapo. Ukisubiri harusi ipite, unaweza kurudishwa kwenye waya, na hapo ndipo utakaponuna kweli.

Mwanya wa kuzaliwa nao ni uzuri, hapo simpingi shangazi. Wako ni meno yaliyo safarini, mwanangu, na hujui yatashuka kituo gani.

Kutoroka sitaki kukusikia. Bibi harusi akipandwa na homa hupelekwa hospitali, na mila inabaki palepale. Kaa na shangazi mkekani leo hii umweleze, na uanze na yako: ulikivua, ulikificha, hukumwambia kama bado uko kwenye matibabu. Angejuaje? Chetezo kije mwisho. Tena usimfanye mzee wa watu kuwa dhaifu. Mtu aliyekulea huumia zaidi akigundua ulikaa na maumivu chumba kimoja naye, ukamchekea kwa macho.

Atalia kidogo, hilo kweli. Atakulaumu wewe, atamlaumu aliyetengeneza kiplastiki kwa kutotumia kitu kigumu. Kisha atavaa baibui, atakufunika ushungi usionekane na majirani, na atakutangulia mlangoni akiuliza mbona unamchelewesha.