Nani Anaharibu Wimbo

Jumatatu, 3 Juni

Okestra yangu ni mchanganyiko. Wapo wanaopiga fidla ukasahau kilichokuleta, na wapo ambao bado wanaishika kama mwiko. Nawapenda wote. Mwalimu mkuu anataka siku ya wazazi wapande jukwaani wanaojua tu. Nikamwambia hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kutazama maji. Akacheka — lakini Ijumaa atakuja kusikiliza, na anayeharibu wimbo atatoka.

Basi nimemwandikia Kobe sehemu yake ya selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito: nyuzi mbili, bila kuzibonyeza kwa kidole. (Kobe ni utani wa wenzake, kwa ajili ya mwendo wake. Mwenyewe analipenda jina.) Pale wengine wanapotamba, nimemwandikia kwa wino mwekundu: PUMZIKA.

Jumatano, 5 Juni

Kobe hayupo. Jana pia hakuja. Jioni nikampitia mama yake dukani.

"Si wewe mwalimu uliyemwandikia apumzike? Tena kwa nyekundu! Mtoto kalia. Nikamwambia mwalimu kakuondoa kwa upole, shukuru."

Mungu wangu! Nikamweleza kwamba kwenye muziki kupumzika ni kunyamaza huku unahesabu. Tulicheka mpaka wateja wakatugeukia.

Alhamisi, 6 Juni

Amerudi. Anahesabu kwa midomo, macho kwangu. Raha iliyoje.

Ijumaa, 7 Juni

Mkuu alikuja kweli. Akageukia ukuta, eti asipendelee sura ya mtu. Tukapiga mpaka mwisho — na Kobe akaingia pale pale panapotakiwa! Roho yangu kwatu.

Mkuu, bila kugeuka, akasema kuna fidla moja inakimbia, inautangulia mdundo na kuwaburuza wenzake. Ya mbele, kushoto.

Mbele kushoto anakaa binti yangu. Mpigaji wangu bora. Wa kumzaa mwenyewe.

Mkuu alipogeuka na kumwona, akakohoa. Akasema basi, mwalimu ataamua.

Chakula cha jioni nimekula peke yangu. Na bado, kusema kweli, furaha ya leo haijanitoka. Walisikika kitu kimoja — karibu.

Sasa binti yangu kasimama mlangoni, fidla mkononi. Anauliza: Mama, na wewe ulikuwa unasikia kwamba nakimbia?

Anasubiri. Nami naandika tu, kama mtu mwenye kazi nyingi.