Spika Iliyonukia Marashi

Changamwe, Mombasa
Jumapili asubuhi

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo dada, na shikamoo nyingine kwa ile niliyokunyima mwezi uliopita nilipokaa kimya. U hali gani? Mguu umeacha kukusumbua? Na mama je, anakula? Usiniandikie "hajambo" tu, niandikie anakula nini. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila roho haijatulia, na nakuandikia mbio mbio kabla mtu yeyote hajashuka huko Lamu akakuhadithia kwa namna yake. Nimemharibia mtu jina lake, dada. Kwa mdomo huu huu uliokuwa ukiuonya tangu nikiwa mtoto.

Mtu mwenyewe ni Katana, kijana wa Kaloleni, tunalingana umri. Ndiye mbeba vyombo katika kikundi cha taarabu cha Bwana Seif, hapa hapa Changamwe. Miaka miwili amebeba, na miaka miwili hiyo hiyo amejifunza gitaa kwa kuchungulia vidole vya wenzake, mpaka Bwana Seif mwenyewe akamwambia, "Harusi ya Likoni, Alhamisi, gitaa utapiga wewe." Wee! Katana hakulala. Akatuma salamu kwa wazazi wake waje wamwone mtoto wao ameketi jukwaani na si nyuma ya mizigo.

Jumatatu wakaniletea ampilifaya yao, lile sanduku la kukuzia sauti ya gitaa. Wajua sina duka, nina meza yangu ya redio kwenye baraza ya muuza mkaa. Sanduku likawekwa mezani, waya wa stima ukavutwa kutoka nyumba ya pili, gitaa likaguswa. Nyuzi nyembamba zikalia vizuri. Zilipoguswa nyuzi nene, spika ikakoroma krrr, krrr, kama nyuki aliyefungiwa koponi. Baraza imejaa watu waliokuja kubishana mambo ya uhuru, wote wakanikodolea macho mimi. Na mimi, dada, nikitazamwa na watu siwezi kusema "sijui". Hata parafujo moja sijafungua, nikatamka: "Hili limeangushwa. Nani hulibeba?"

"Mimi," akasema Katana. "Na sijaliangusha."

"Sasa limejivunja lenyewe? Mtu mzima unasema uongo mchana kweupe!"

Watu wakacheka. Nami nikaona nimesema. Bwana Seif hakucheka, akamwambia Katana asikanyage Likoni, na vyombo vya kikundi asiviguse tena. Katana alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Wazazi wake walikuwa wameshajulishwa, na hapakuwa na njia ya kuwazuia.

Jumanne nikaanza kazi yenyewe. Nikabadilisha taa zote za ndani, zile za kioo, moja baada ya moja. Mkoromo uko pale pale. Nikakaza kila parafujo, nikashikilia mbao za sanduku kwa mikono miwili huku mwenzangu anapiga gitaa, labda ni ubao unaotetema. Wapi! Mwisho nikaing'oa spika yao, nikaunga spika ya redio yangu mahali pake. Sauti ikatoka ndogo, lakini safi kabisa. Basi mashine nzima, mgonjwa ni spika. Na spika ya namna ile Mombasa nzima hakuna, mpaka iagizwe ije kwa meli, na harusi ni keshokutwa.

Jumatano asubuhi nikaitoa juani niikague. Dada, nilikuwa natafuta alama ya kuanguka. Nilikuwa naitaka! Nikageuza huku na huku, nikitafuta chuma kilichopinda, rangi iliyobanduka, ubao uliopasuka. Hakuna hata mkwaruzo. Nikaibonyeza ile karatasi nyeusi ya mbele kwa vidole, polepole, nikasikia ndani koili, ule mviringo wa waya, inasugua chuma, kr, kr. Karatasi ilikuwa imejikunja upande mmoja, na juu yake duara duara za madoa, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Karatasi iliyoroa maji, ikakauka vibaya, ikaivuta koili pembeni. Nikajiuliza, nani kamwagia maji spika? Jua likazidi kuipasha joto, na harufu ikapanda puani mwangu. Marashi ya waridi.

Nikakumbuka pale pale. Wiki mbili nyuma tulikuwa na harusi Mtongwe, kikundi ndicho hicho hicho, na mimi ndimi niliyepewa mrashi nizunguke nikiwanyunyizia wageni. Bwana Seif akaimba, nikapandwa na wazimu wa furaha. Nikaruka jukwaani, nikamnyunyizia mwimbaji, nikampa mpiga gitaa, nikampa wa fidla, na marashi yaliyobaki nikayakung'utia yote kwenye kitambaa cha mbele cha lile sanduku, nikipiga kelele, "Nalo lipate heshima yake!" Watu walishangilia. Wallahi nilijiona bingwa.

Kwa hivyo mwizi anayetafutwa ni mimi, na hakuna ajuaye ila mimi na pua yangu. Nilikaa na spika ile magotini saa nzima. Nilijiambia mambo mengi ambayo naona haya kukuandikia. Nilijiambia nitaitengeneza, itapiga, watanisifu, na Katana atapata kikundi kingine. Nilijiambia hata yeye huenda aliliangusha siku nyingine. Unaniona nilivyo?

Kwanza nikaikarabati, kwa kuwa kuzungumza nilikuwa sijaweza. Nikakata kile kifuniko kidogo cha katikati kwa wembe. Nikalainisha gundi ya zamani kwa spiriti, tone kwa tone, huku nimeziba pumzi, maana waya wa koili ni mwembamba kushinda unywele, na ukikatika basi hapana Likoni wala hapana mimi. Nikachukua filamu ya ile picha yangu niliyokupelekea Idi, nikaikata vipande vyembamba, nikavichomeka kuizunguka koili ili ikae katikati. Nikapaka gundi mpya. Kipande kimoja kikaniponyoka, kikazama ndani, nikakitoa kwa koleo nikisoma kila sura ninayoijua. Kisha nikaiacha ikauke mpaka kesho yake.

Alhamisi mchana nikavuta vile vipande, nikaunga nyaya, nikapiga uzi mnene. Sauti ikatoka nzima. Nikapiga tena kwa nguvu, ikanguruma safi. Nilitaka kushangilia na sikuweza. Nikafunga sanduku, nikaenda kwa Katana.

Nikamkuta anatandika mkeka, wazazi wake wameshafika. Mama yake akanikaribisha kwa maji, akaniuliza kama mimi ni mmoja wa waimbaji. Hakuwa amewaambia! Walikuwa wamevaa nguo zao za kwendea kanisani, wanangoja kupelekwa harusini. Nikamvuta Katana nje, nikamweleza yote, mpaka marashi.

Akasikiliza. Kisha akaniuliza, "Maneno yale uliyasema wapi?"

"Barazani."

"Mbele ya watu. Na huku unaninong'oneza nyuma ya choo."

"Nitamwambia Bwana Seif."

"Kawaambie watu harusini," akasema. "Wote. Mimi ninakuja na wazazi wangu. Usiposema, nitawaambia wazazi nimefukuzwa, nao waliokuja kuniona jukwaani watarudi wakijua hivyo."

Tukavuka kivuko na wazazi wake, sanduku nimelibeba mimi. Likoni nikamwendea Bwana Seif, akanisikiliza huku anafunga kilemba. "Hamisi, nyamaza," akaniambia. "Hii ni harusi ya watu. Tutayamaliza wiki ijayo, sisi kwa sisi. Ukitangaza upumbavu wako hapa, nani atakuletea redio tena?" Alikuwa akinitakia heri, na mimi nilitaka sana kumtii. Nikatazama uani. Baba yake Katana ameketi mstari wa mbele, mikono magotini, anangoja. Katana amesimama ukutani na wapishi.

Nikapanda. Nikashika maikrofoni iliyoungwa kwenye sanduku lile lile, nikasalimu, nikaitikiwa. Nikasema, "Jumatatu nilisema Katana ameangusha chombo hiki. Nilisema uongo, maana sikukikagua. Hakukiangusha. Kimeharibiwa na marashi, na aliyemwaga marashi ni mimi." Dada, spika haikukoroma hata chembe. Kila herufi ilitoka, mpaka jikoni, mpaka barabarani. Nilitamani ikorome.

Wakacheka, tena sana. Tangu siku ile Changamwe nzima naitwa Hamisi Marashi, na wawili wameshachukua redio zao mezani kwangu. Bwana Seif akavuta kiti, akamwonyesha Katana kwa kidole. Katana akapita mbele yangu hanitazami, akaketi, akapiga. Na amepiga, dada, amepiga mpaka baba yake akasimama bila kujijua.

Ndoto yangu ilikuwa aje anipe mkono. Jana akaja barazani kweli, sanduku begani, watu wamejaa. Akalitua mezani.

"Kagua," akasema.

"Linakoroma?"

"Halikoromi. Kagua, hawa wakiona, useme lina nini. Kila nikilibeba nitalileta kwako, ukague kwanza."

Nikalifungua. Nikaligusa kila mahali, taratibu, macho ya watu yote juu yangu, nikasema, "Ni zima. Halina kitu." Akalinyanyua, akaenda nalo. Jumamosi ijayo wana harusi nyingine, atalileta tena, na mimi nitakagua tena, mpaka siku atakayochoka yeye.

Mama msomee yote, usimfiche. Nisalimie shemeji yangu mumeo, na mjomba Bwana Heri wa kisimani, na bibi Mwanakheri aliyetulea, umwambie dua zake bado nazihitaji. Watoto uwabusu, na mdogo wetu Zuhura umwambie kitambaa chake nimeshakipata, nitakipa mtu anayekuja huko.

Nami ndimi nduguyo, niliyetaka uyasikie haya kwangu mwenyewe,

Hamisi