Nusu Saa, Kakao Ikishaanuliwa

Mama,

Alfajiri nawahi zamu ya kufagia darasa. Kakao iliyoloa nimeitandaza jikoni, jua likitoka uianike tena. Mawingu yakishuka mlimani, iwahi. Simu ni hii hapa.

Leo uliponiuliza, "Lusungu, siku hizi simu ndiyo mama yako?" iliniuma. Mvua ilivyoanza kunyeshea kakao uani sikuisikia kweli. Nilikuwa kwenye grupu la darasa, WhatsApp. Shuleni naona aibu hata kunyoosha mkono, ila kule nachekesha watu.

~~Sitaki simu tena.~~ Naomba uwe unanipa jioni nusu saa, kakao ikishaanuliwa. Na wewe ukae karibu, nikusomee tunavyotaniana.

Ndaga, asante mama.
Kitindamimba wako