Blanketi la Jerop

Jumatano, Julai 1986

Nimemuua kwa blanketi. Sijui njia ingine ya kuliandika jambo hili.

Stima ilipotea jana mchana, na balbu ya kumpasha joto nyoka wa mjukuu wangu Jerop ikazima. Nikafanya vile nilifanyia watoto wangu saba: nikamfunika sandukuni, nikamwambia alale. Leo asubuhi nimemkuta amekufa, baridi kama bomba la maji.

Mama Chebet, jirani anayeniita bibi kama alivyoniita Jerop, akasema, "Kogo, shukuru Mungu! Sasa tutakunywa chai kwako bila kuogopa."

"Kanywe kwako," nikamwambia.

Mjukuu wangu alinionya, siku zile akinifundisha kuandika herufi hizi. "Kogo, nyoka hana joto lake mwenyewe. Blanketi halimsaidii. Stima ikipotea, mwekee chupa ya maji moto." Nilimcheka. Hata hospitalini, kabla hajatuacha, aliuliza kwanza kama nyoka wake ana joto. Nikamwahidi.

Na birika jana lilikuwa jikoni, linachemka. Maji yale nilipikia chai.

Blanketi lilikuwa la Jerop. Bado lina harufu yake. Nilidhani litatosha.