Maharage Katika Barabara ya Serikali

Jumanne, Aprili

Eti Bibi Tekla kavamia barabara! Barabara ipi? Tangu malori ya ushirika wa kahawa yaache kuja, hata baiskeli haipiti, ndiyo maana jirani yangu huyu kachimba ngoro humo, mashimo yetu ya kilimo cha milimani, na kupanda maharage kingoni mwake.

Leo kaja ofisa wa barabara.

“Shikamoo, bibi. Ng'oa haya, hapa ni barabara ya serikali.”

“Marahaba, mwanangu. Gari lako liko wapi?”

“Nimeliacha bondeni. Hapapitiki.”

Kampa wiki mbili. Maharage yanataka tatu kukomaa. Kwa kasi ya serikali ningecheka, angevuna hata mara tano. Lakini mnunuzi mpya wa kahawa anamleta waziri, na kwa waziri greda hupatikana.

Miaka yote nimeandika magazetini kudai greda hilo. Kesho naanza kumsaidia bibi kuchuma mabichi.