Kulala Kwenye Theluji

Calgary, 14 Januari 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini presha imetulia na goti linakuruhusu kupanda ule mlima wa kwetu Igogo. Mimi mzima, kazi ya unesi inaendelea, baridi ndiyo hiyo haizoeleki.

Nina jambo, na nakuomba ukae kwanza. Mwisho wa Februari nakwenda kupiga kambi milimani, siku kadhaa, theluji ikiwa imejaa. Tutalala kwenye hema. Najua umeshavua miwani.

Tutatembea na viatu vya theluji. Ni fremu pana kama ungo mdogo, unaifunga chini ya buti ili usizame. Anayetuongoza ni dada Evelina, mfamasia wa hospitalini kwetu, mwenyeji wa Sengerema. Ndiye aliyenitoa chumbani mwaka jana nilipokuwa nikitoka zamu najifungia nalia. Alinifunga viatu hivyo miguuni mwenyewe, akaniambia, "Sasa nifuate." Baba, tangu siku ile nalala usingizi.

Wako,
Ng'washi

*

Igogo, Mwanza, 23 Januari 2024

Mwanangu Ng'washi,

Marahaba. Goti linauma lakini linatembea. Wadogo zako wazima, mama yako mdogo anakusalimu.

Barua yako niliisoma mara tatu. Nilitaka kukukataza, nikaona nitakuwa nakataza kitu nisichokijua. Basi juzi nikapanda kivuko, nikaenda Sengerema kumtafuta mama yake huyo Evelina. Haikuwa kazi, watu wanamjua, na habari zangu zilimfikia kabla yangu. Anaitwa Mama Kabula. Alinikuta mlangoni nikipiga hodi, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye baba wa nesi?"

"Ndimi. Nimekuja kujua mwanangu anakwenda mlimani na mtoto wa nani."

Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Mimi mwenyewe simwelewi mtu anayelala kwenye barafu kwa hiari yake. Lakini mwanangu akisema atarudi Jumatatu, anarudi Jumatatu."

Nilikula wali kwake, nikarudi nimetulia kidogo. Kidogo tu. Niambie hiyo fremu ni ya mbao au chuma, na moto mtawasha na nini huko.

Baba yako,
Mashimba

*

Calgary, 18 Februari 2024

Shikamoo Baba,

Nimecheka peke yangu kwenye basi, watu wakanigeukia. Yaani umevuka ziwa kwa ajili ya hema langu! Dada Evelina nilipomwambia akasema, "Mzee huyo nitampelekea zawadi."

Fremu siku hizi ni ya alumini, ingawa za zamani zilikuwa za mbao iliyopindwa kwa mvuke. Ungezipenda, fundi wangu. Moto ni jiko dogo la mafuta, na kazi yake kubwa ni kuyeyusha theluji tupate maji. Chakula tumekigawa kwa uzito. Evelina amekausha matobolwa ya viazi vitamu kama yale ya nyumbani, kwa kuwa ni mepesi na yanashibisha. Mizigo tutaiburuta kwenye kitoroli kisicho na magurudumu.

Tuko watatu. Wa tatu ni Josephat, mtu wa Bukoba, dereva wa malori. Kila jioni tunakaa na ramani. Evelina anajua kila mteremko unaangalia jua la saa ngapi na upepo unarundika theluji upande gani. Ametuwekea sharti moja: yeyote akisema turudi, tunarudi, hata kama yeye mwenyewe hataki. Kuna bonde lenye ziwa lililoganda analolitamani miaka mingi. Mara ya kwanza dhoruba ilimrudisha, mara ya pili mwenzake aliugua. Natamani sana afike safari hii.

Tunaondoka Alhamisi, tunarudi Jumatatu. Nitakuandikia usiku huohuo.

Wako,
Ng'washi

*

Igogo, 27 Februari 2024

Mwanangu,

Jumatatu ya huko nayo imekwisha. Sijaona kitu kwenye simu.

Mama Kabula amepiga asubuhi, amepiga mchana. Kila mmoja anajifanya amepiga kumjulia hali mwenzake. Ukisoma hii, andika hata neno moja.

Baba

*

Calgary, 28 Februari 2024

Shikamoo Baba,

Nisamehe. Tuko salama wote. Tulibeba kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kikazimika kwa baridi, nasi tulichelewa. Nakueleza.

Siku ya tatu tulifika kwenye mteremko mpana, mweupe, bila mti hata mmoja. Ng'ambo yake ndilo lile bonde. Evelina alikuwa mbele. Nilipoweka mguu, theluji chini yangu ikashuka kidogo na kutoa sauti nzito, kama mtu mnene ameketi kitandani chumba cha pili. Ufa mwembamba ukakimbia kutoka kwenye kiatu changu. Evelina alishatufundisha kwamba hiyo ni dalili kuwa theluji ya mteremko inaweza kuporomoka na kutufukia. Wenzangu hawakuuona. Mimi ndiye mgeni, Baba, na niliona aibu. Nikasema hivyohivyo, "Tusipite. Turudi."

Josephat akalalamika, "Tumefika hapa, tunarudishwa na sauti?"

Evelina hakuniuliza hata swali. Alitazama miti ya ng'ambo mara moja, akageuza viatu vyake palepale, akasema, "Amesema turudi. Kila mtu ajitenge na mwenzake, tembeeni polepole." Alinipita bila uso wa hasira, akanigusa bega.

Theluji mpya ilianguka ikafuta njia yetu. Tukawa tunazama hata na viatu vile, tukifungua njia kwa zamu, ndiyo maana tukalala siku ya ziada. Jioni ile hemani machozi yalimtoka Evelina. Akayafuta kwa glavu, akaendelea kukoroga uji. Josephat akamwomba radhi. Akamjibu, "Kula kwanza."

Mteremko ule haukuporomoka. Tulipouacha ulikuwa umetulia tu. Labda tungepita salama na angeliona ziwa lake. Hatutajua kamwe, na tangu tushuke hajanilaumu hata kwa neno moja. Nimefanya kazi na wakubwa wengi. Sijamwona mtu kama huyu.

Wako,
Ng'washi

*

Igogo, 3 Machi 2024

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na tena marahaba. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimeketi chini.

Umesema neno gumu mbele ya waliokuzidi. Nimekuwa nikiwasimulia mafundi wenzangu tangu asubuhi, na sasa wananikimbia.

Jana nilivuka tena kwenda Sengerema, maana habari hii sikutaka kumpa Mama Kabula kwa simu. Alizima redio, akakunja mikono. Nikamsomea yote. Nilipomaliza aligeuka kutazama uani. Nikadhani amehuzunika kwa ajili ya lile ziwa.

Kisha akasema, "Baba Ng'washi, rudia pale mwanangu alipogeuza viatu."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

Baba yako,
Mashimba