Utatu Umekataa Kuingia Zizini

Jumatatu, 11 Agosti. Lodwar

Mbuzi wamekunywa. Tumbaku imekwisha. Nimetoka darasa la ubatizo tena na nimekasirika.

Katekista Wafula, mtu wa Bungoma, anasema Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho ni Mungu. Baba si Mwana, Mwana si Roho. Na Mungu ni mmoja. Nikamwambia mbuzi wangu watatu wana alama moja ya sikio na bado ni watatu. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Loima yote hakuna mtu anajua mifugo kunishinda.

Anasema nisipokiri hilo Jumapili ya tarehe 24, sibatizwi. Bila ubatizo hakuna ndoa ya kanisa. Bila ndoa, mke wangu Akai hapati komunyo.

Nilishamuoa! Nilichoma dume la harusi kwa mkuki, kijiji chetu cha Namoruputh kizima kikala. Kanisa halikuona.

Jumatano, 13 Agosti

Akai anakohoa. Miaka mingi amebaki kwa benchi wengine wakienda mbele. Anataka ule mkate kabla hajafa. Anasema, "Wewe sema tu ndiyo, mzee. Mdomo hautavunjika."

Mdomo wangu haujawahi kudanganya juu ya mnyama. Sasa nidanganye juu ya Mungu?

Sikula.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo Wafula amekuja na kikombe cha maji. Maji, barafu, mvuke, yote ni maji, anasema. Nikauliza: haya ya kikombe yanaweza kuwa barafu na mvuke saa hii hii? Hapana. Na Yesu alimwomba Baba. Barafu inaomba mvuke?

Akasema basi ni kama mimi: baba wa watoto, mwana wa babangu, mume wa Akai. Nikamwambia mimi ni mtu mmoja. Siwezi kujituma Kitale halafu nibaki nyumbani nikijingoja.

Akafunga kitabu. Nimemshinda.

Akai alikuwa mlangoni akisikiliza. Alirudi nyumbani peke yake. Ushindi gani huu, haushibishi.

Jumapili, 17 Agosti. Kakuma

Nimekuja na lori la mbuzi. Nyumbani hakukaliki. Abdi, Mwislamu wa Kisomali anayenunua mbuzi wangu tangu zamani, alifurahi sana kusikia ubishi wangu na Wafula. "Apalokwang', si nilikuambia? Mungu ni mmoja tu, basi. Njoo kwetu upumzike."

Akacheka. Damu ikanipanda. Mtu hachekei kanisa la mke wangu mbele yangu.

Nikamwambia: wewe unaniitaje? Apalokwang'. Ni jina la dume langu jeupe. Kwetu mwanaume huitwa kwa dume lake. Ukilipiga, umenipiga. Miili miwili, jina moja, heshima moja. Mimi nimeweza, Mungu ashindwe?

Abdi akamimina chai. "Na dume liko wapi?"

"Lilikufa na ukame."

"Na wewe mbona uko hai?"

Nikanywa chai yake yote. Mimi! Kushindwa na muuza nyama.

Jumanne, 19 Agosti

Natembea tu. Soko, barabara, soko. Nilikuja kutafuta mtu wa kuniambia niko sawa. Abdi akaniambia. Nikampinga. Sijielewi. Kesho narudi.

Alhamisi, 21 Agosti. Lodwar

Nimeenda kwa padri mwenyewe. Ni mzee, lakini mimi nasimama wima kumshinda. Nikamwambia yote. Hakuleta maji wala barafu.

Akasema, "Tungesema Mungu mmoja na miungu watatu, ungekuwa umetushika. Tunasema Mungu mmoja, nafsi tatu. Kile kilicho kimoja si vile vilivyo vitatu."

Nikauliza nafsi ni nini basi. Kama ni mtu, hao ni watu watatu. Kama si mtu, ni nini?

Akasema, "Mzee, hapo hata mimi nakwama."

Nilimpenda kwa hilo. Nikauliza kama mtu anaweza kukiri na kusema njia yake hajaiona. Akasema kutoiona njia si sawa na kuona kwamba hakuna njia.

Hiyo naijua. Nyayo za mbuzi zikiishia kwa mawe, mjinga husema mbuzi hayupo. Mimi sijawahi kusema hivyo. Nimewapata wote. Karibu wote.

Jumapili, 24 Agosti

Maji yalikuwa baridi. Padri aliuliza mara tatu, nikajibu mara tatu, naamini. Halafu nikaongeza kwa sauti, "Lakini hesabu nitamuuliza mwenyewe!" Kanisa likacheka, hata Wafula.

Kisha ndoa. Kisha Akai akaenda mbele. Polepole. Niliona mgongo wake tu.

Jioni tulikaa nje kwa ngozi ya ng'ombe. Akai akaniuliza, "Hesabu utamuuliza yupi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole: Baba, Mwana... Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamsugua mgongo mpaka kikatulia.